"Mambo?": Salamu ya muuguzi iliyoishinda kengele ya dawa

Hebu chungulia katika kabati au mkoba unamoweka dawa zako. Huenda ukakuta humo vidonge vitatu au vinne vilivyobaki tangu ulipougua kifua mwaka jana. Daktari alikuagiza umeze kwa siku saba. Siku ya nne kikohozi kikapungua, siku ya tano ukaamka ukiwa mzima, ukaenda zako kazini na vidonge vikabaki pale pale. Usione haya. Watu wengi hufanya hivyo.

Sasa chukulia kwamba dawa hiyo si ya siku saba bali ni ya kila siku ya maisha yako. Huumwi popote. Asubuhi unapanda matatu nambari 46 kutoka Kawangware kama abiria wengine, unafanya kazi yako katikati ya jiji, na jioni unarudi nyumbani. Hakuna maumivu ya kukukumbusha kwamba wewe unatumia dawa. Ukiruka vidonge kadhaa wiki hii, hutaona lolote kesho wala kesho kutwa. Utaona baada ya miezi mingi, na kufikia hapo huenda dawa yenyewe imekwisha kupoteza nguvu mwilini mwako.

Hilo ndilo tatizo ambalo madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wamehangaika nalo tangu dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilipoanza kupatikana kwa wingi nchini. Je, mtu asiyejihisi mgonjwa atasaidiwaje kumeza dawa kila siku bila kukosa? Baadhi ya majibu yanayotajwa sana duniani yalipatikana papa hapa Nairobi, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika katika hospitali ambayo pengine umeipita mara nyingi ukiwa ndani ya matatu: Hospitali ya Coptic, Barabara ya Ngong.

KWA NINI USIRUKE DAWA

Kabla ya kuingia katika utafiti wenyewe, ni vizuri uelewe kinachotendeka mwilini.

Virusi vya HIV huingia katika chembechembe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni miongoni mwa askari wakuu wa mwili, na kuzigeuza kuwa viwanda vya kutengeneza virusi vingine. Kazi hiyo hufanyika upesi sana na bila uangalifu. Katika kunakili, makosa madogo hutokea kila mara. Mengi ya makosa hayo huvidhoofisha virusi vyenyewe. Lakini mara moja moja hutokea kosa linalokifanya kirusi kisidhurike na dawa fulani. Kirusi kama hicho ndicho kinachoitwa kirusi sugu.

Kwa sababu hiyo mgonjwa hapewi dawa ya aina moja bali mchanganyiko, aghalabu wa dawa tatu. Kirusi kikiponyoka dawa ya kwanza, kinakutana na ya pili na ya tatu. Dawa zote tatu zikiwamo katika damu kwa kiwango cha kutosha, virusi haviwezi kuzaana, na visipozaana hakuna nafasi ya makosa mapya.

Taabu huanza unaporuka. Dawa hizi hazitoki mwilini kwa mwendo mmoja. Nyingine huisha upesi, na nyingine hukawia kwa siku kadhaa. Ukikaa siku mbili tatu bila kumeza, unaweza kubaki na dawa moja tu ikilinda boma peke yake, tena ikiwa imechoka. Hapo virusi huanza kuzaana, na vile vinavyoweza kuistahimili dawa hiyo ndivyo vinavyoachwa kuongezeka. Ukirudia hivyo mara nyingi, siku moja utarejea kwenye dawa na kukuta hazifanyi kazi. Isitoshe, virusi sugu vinaweza kumwambukiza mtu mwingine, naye akaanza matibabu akiwa na kasoro ambayo hakuitafuta.

Katika miaka ya 2000 wagonjwa wengi walimeza dawa mara mbili kwa siku, yaani mara 60 kwa mwezi. Kipimo kilichotumiwa sana na madaktari wakati huo ni kwamba mgonjwa afikishe zaidi ya asilimia 95. Piga hesabu mwenyewe. Katika mara 60, ukikosa tatu tu umefika ukingoni.

DAWA ZILIFIKA, SWALI LIKABAKI

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka wa 1984. Mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba ugonjwa huo ni janga la kitaifa. Wakati huo nchi tajiri zilikuwa zimeshajua, tangu 1996, kwamba mchanganyiko wa dawa unaweza kumrudishia mgonjwa maisha yake. Hapa kwetu bei yake haikushikika kwa mwananchi wa kawaida.

Hali ilibadilika baada ya 2003, wakati serikali ya Marekani ilipoanzisha mpango wa PEPFAR na fedha za Mfuko wa Dunia nazo zikaanza kuingia. Vituo vya matibabu viliongezeka, na watu waliokuwa wakisubiri kifo wakainuka vitandani. Lakini madaktari walikuwa na wasiwasi. Wako waliodai ng'ambo kwamba Mwafrika hataweza kumeza dawa kwa saa zake. Dhana hiyo ilikuwa ya dharau, na tafiti zilizofuata ziliionyesha kuwa si kweli. Hata hivyo, swali la namna ya kumsaidia mgonjwa lilikuwa la haki, na lilihitaji kujibiwa kwa kupima badala ya kukisia.

KENGELE AU USHAURI?

Mmoja wa waliolipima ni Dkt. Michael Chung, ambaye wakati huo alikuwa daktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Yeye na wenzake walifanya kazi katika kituo cha kutibu Ukimwi cha Hospitali ya Coptic kiitwacho Hope Center. Kati ya Mei 2006 na Septemba 2008 waliandikisha watu 400 waliokuwa tayari kuanza dawa.

Watafiti waliwagawa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa vikao vitatu vya ushauri karibu na wakati wa kuanza dawa, ambapo mshauri alikaa na mgonjwa na kuzungumza naye juu ya ugonjwa, dawa na vikwazo vyake mwenyewe. Kundi la pili lilipewa kijikengele cha kubeba mfukoni kilicholia saa ya kumeza dawa ilipofika. Mgonjwa alikitumia kwa miezi sita. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata lolote kati ya hivyo viwili. Kisha walifuatiliwa kwa mwaka mmoja na nusu.

Kwa nini kura? Kwa sababu kama kila mtu angejichagulia, huenda wale wenye bidii wangekimbilia upande mmoja, na mwishowe usingejua kama kilichosaidia ni ushauri au ni bidii yao. Kura huwachanganya watu bila upendeleo.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la PLoS Medicine. Waliopewa ushauri walikuwa na hatari ndogo zaidi ya virusi kuongezeka tena katika damu, kwa asilimia 59, wakilinganishwa na wasiopewa. Kumeza dawa ovyo ovyo nako kulipungua kwa takriban asilimia 29, ingawa tofauti hii ya pili ilikuwa ukingoni mwa kile ambacho wataalamu wa takwimu hukubali kuwa si bahati nasibu.

Na kengele? Haikuonyesha faida yoyote iliyoweza kupimika.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini wagonjwa hukosa kumeza dawa, atakujibu haraka kwamba wanasahau. Kama kusahau ndiko kungekuwa chanzo kikuu, kengele ingetosha. Lakini kengele haiwezi kumsaidia mama anayeficha dawa ili mumewe asizione. Haimsaidii bawabu wa zamu ya usiku ambaye saa zake za kula na kulala zimepinduka, wala kibarua ambaye hana nauli ya kwenda kliniki. Tena kengele inayolia ndani ya matatu iliyojaa watu inaweza kuwa aibu, na mtu akaizima au kuiacha nyumbani. Mshauri huuliza. Kengele hailizi ila kulia.

SALAMU YA KILA JUMATATU

Wakati huo huo daktari mwingine wa magonjwa ya kuambukiza, Richard Lester kutoka Kanada, alikuwa akiangalia kitu kingine kilichokuwa kikienea Nairobi kwa kasi: simu ya mkononi. Mwaka wa 2007 ndio mwaka ambao huduma ya M-Pesa ilizinduliwa. Kuanzia mwanamke wa kuuza mboga hadi karani wa ofisini, watu walikuwa wakinunua simu, na asiyekuwa na yake alipokea ujumbe kupitia ya jirani au ndugu.

Lester na wenzake, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba, walibuni mpango walioupa jina WelTel. Kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008 waliandikisha watu wazima 538 waliokuwa wakianza dawa katika vituo vitatu: Hospitali ya Coptic, kliniki ya Pumwani iliyo mashariki mwa jiji, na kituo kimoja Kajiado, nje kabisa ya Nairobi. Kwa kura, 273 waliingizwa katika mpango wa simu na 265 wakapata huduma ya kawaida.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi hata mtu angeweza kuucheka. Kila Jumatatu asubuhi muuguzi wa kliniki alituma arafa yenye neno moja tu: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48. Kama hana tatizo aliandika "Sawa". Kama ana tatizo aliandika "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi ili waelewane la kufanya. Aliyenyamaza naye alipigiwa.

Angalia kilichokosekana katika ujumbe huo. Hakuna neno Ukimwi, hakuna neno dawa, hakuna jina la hospitali. Mtoto, mume au mfanyakazi mwenzako akiiokota simu, ataona salamu ambayo vijana wa Nairobi hutumiana mara kumi kwa siku. Siri ya mgonjwa ililindwa kwa lugha ya mtaani.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2010 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Katika kundi la simu, wagonjwa 168 kati ya 273 walisema wamemeza zaidi ya asilimia 95 ya dawa zao. Katika kundi jingine walikuwa 132 kati ya 265. Kwa maneno mepesi, ni kama watu 62 katika kila 100, dhidi ya 50.

Unaweza kusema kwamba mgonjwa anaweza kumdanganya daktari. Ni kweli. Ndiyo maana damu pia ilipimwa baada ya miezi 12. Virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa wagonjwa 156 wa kundi la simu, yaani takriban 57 katika kila 100, na kwa 128 wa kundi la pili, yaani 48 katika 100. Usishangae kwamba idadi hizi si kubwa zaidi. Watafiti walihesabu hata waliopotea na wasiopimwa kuwa walioshindwa, ili wasijipambe kwa matokeo.

Hesabu nyingine inaeleza vyema zaidi. Kwa kila wagonjwa 11 waliotumiwa salamu, mmoja zaidi alidhibiti virusi ambaye vinginevyo asingevidhibiti. Pengine utaona ni haba. Lakini gharama ya arafa moja ilikuwa kiasi cha senti tano za dola, yaani takriban dola 20 kwa mwezi kwa wagonjwa 100. Ni vigumu kupata dawa au mtambo wa hospitali unaofanya kazi kama hiyo kwa bei hiyo.

NGUVU ILIKUWA WAPI?

Je, ni simu iliyowasaidia? Tafiti nyingine zinatupa mwanga.

Huko Chulaimbo, karibu na Maseno, watafiti waliwatumia wagonjwa arafa za kuwakumbusha dawa, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2011. Kundi moja lilitumiwa kila siku, jingine kila wiki. Walioandikiwa kila wiki walifanya vizuri zaidi: asilimia 53 walifikisha kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dawa kwa wiki 48, ilhali wasiotumiwa kitu walikuwa asilimia 40. Na wale wa kila siku? Hawakufanya vizuri kuliko wasiotumiwa kitu. Inaonekana ujumbe unaokuja kila siku hugeuka kuwa kelele, kama honi za magari Barabara ya Tom Mboya. Masikio huzizoea.

Mjini Yaoundé, Kamerun, jaribio la wagonjwa 200 lililochapishwa mwaka wa 2012 liliwatumia baadhi yao ujumbe wa kila wiki wa kuwatia moyo. Ulipopimwa baada ya miezi sita, haukuonyesha tofauti ya maana.

Kwa hiyo simu peke yake si siri yenyewe. Katika mpango wa WelTel simu ilikuwa mlango tu, na nyuma ya mlango huo alikuwapo muuguzi. Mgonjwa alijua kwamba akiandika "Shida", mtu fulani anayemfahamu atapiga simu. Baadhi ya wagonjwa waliwaeleza watafiti kwamba walihisi kuna mtu anayewajali. Ushauri wa Hospitali ya Coptic na salamu ya Jumatatu vinafanana katika jambo hilo moja: kila kimoja kilimweka mtu wa kumuuliza mgonjwa habari zake, akangoja jibu.

Mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka arafa katika mwongozo wake wa matibabu ya HIV, kama chombo kimoja kati ya vingine vya kuwasaidia wagonjwa.

SALAMU NAYO INA MIPAKA

Itakuwa si haki kukuacha ukidhani kwamba salamu hutibu kila kitu. Kundi la WelTel lenyewe lilifanya jaribio lingine kati ya 2013 na 2015 katika vituo viwili vya mitaa ya watu wa kipato cha chini, kimojawapo kikiwa Kibera. Safari hii swali lilikuwa tofauti. Walitaka kujua iwapo salamu ya kila wiki itawafanya watu waliogunduliwa karibuni kuwa na virusi waendelee kuja kliniki katika mwaka wa kwanza.

Watu 700 walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018. Baada ya miezi 12, asilimia 79 ya waliotumiwa salamu walikuwa bado wanahudhuria kliniki. Wale ambao hawakutumiwa walikuwa asilimia 81. Hapakuwa na tofauti.

Funzo ni kwamba msaada uliosaidia watu wanaoanza kumeza vidonge si lazima usaidie katika kila hatua ya matibabu. Mtu aliyehamishwa na kodi ya nyumba kutoka Kibera, au aliyerudi mashambani baada ya kukosa kazi, hatarudishwa kliniki na neno "Mambo?" pekee. Watafiti walistahili sifa kwa kuyachapisha matokeo hayo kama yalivyokuwa.

MATIBABU YA SASA

Mengi yamekuwa mepesi tangu siku za majaribio ya kwanza. Tangu 2016 mwongozo wa Kenya ni kwamba kila aliyepatikana na virusi aanzishiwe dawa, bila kungoja CD4 zishuke. Tangu 2018 wagonjwa wengi wamehamishiwa mchanganyiko wenye dawa iitwayo dolutegravir, kidonge kimoja kwa siku. Dawa hii huvumilia makosa kidogo kuliko zile za zamani, na virusi huchukua muda mrefu zaidi kuizoea. Kidogo hicho kisikudanganye. Tayari wapo wagonjwa ambao virusi vyao vimekuwa sugu hata kwake.

Kuna habari njema zaidi. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kabisa katika kipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo waziwazi mwaka wa 2023. Kidonge unachomeza jioni kinamlinda pia yule unayempenda.

Lakini kuna wingu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya ng'ambo. Nchini Kenya wahudumu wengi wa miradi ya Ukimwi waliokuwa wakilipwa na fedha hizo walitumwa nyumbani, na baadhi ya kliniki zikafunga milango. Tangu hapo huduma nyingi zimekuwa zikiunganishwa na zile za kawaida za hospitali. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 1.3 wanaoishi na virusi, hilo si jambo dogo.

Fedha zinapopungua, kila mtu hukimbilia kuokoa vidonge, na ni sawa. Mshauri, muuguzi wa kupiga simu na mgonjwa mwenzako aliyekuwa akikutafuta ulipokosa siku yako ya kliniki huonekana kama watu wa ziada. Utafiti wa Barabara ya Ngong unatuambia kinyume chake. Kopo la dawa bila mtu wa kuuliza habari ni nusu ya matibabu.

WEWE UFANYE NINI?

Ikiwa unatumia dawa hizi, au una ndugu anayezitumia, zingatia haya:

1. Unganisha dawa na jambo unalofanya kila siku bila kukosa, kama kupiga mswaki au kutazama taarifa ya habari. Tabia hudumu kuliko kengele.

2. Ukisahau, meza mara tu unapokumbuka. Ikiwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia sana, kisubiri hicho. Usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia.

3. Usinyamaze na shida yako. Kama ni nauli, zamu ya usiku, njaa, kichefuchefu au hofu ya kuonekana, mwambie muuguzi. Kituo kinaweza kukupa dawa za miezi mitatu au hata zaidi kwa mara moja ikiwa hali yako ni imara, au kukubadilishia saa ya kumeza.

4. Mweleze daktari kila dawa nyingine unayotumia. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, huizuia dolutegravir kuingia vizuri mwilini. Kwa kawaida hushauriwa dolutegravir imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baadaye. Ukiwa unatibiwa kifua kikuu, huenda ukahitaji kuongezewa kidonge.

5. Dai kupimwa kiwango cha virusi katika damu miezi michache baada ya kuanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Uliza matokeo na uyaelewe. Yakiwa mabaya usikimbie kliniki. Utapewa ushauri wa ziada na kupimwa tena baada ya takriban miezi mitatu, na wengi hurudi katika hali nzuri bila kubadilishiwa dawa.

6. Asije mtu akakushawishi kwamba umepona, awe mganga, mhubiri au rafiki. Virusi kutoonekana katika kipimo ni kazi ya dawa. Ukiacha, virusi hurudi, mara nyingi katika wiki chache.

7. Jua kwamba sheria iko upande wako. Sheria ya HIV na Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza mtu kutangaza hali yako bila idhini yako.

Na wewe usiye na virusi, usiifunge kurasa hii ukidhani haikuhusu. Huenda una mzazi anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari, au jirani anayemeza vidonge vya kifua kikuu kwa miezi sita. Shida zao ni zile zile: dawa ndefu, mwili usiouma, na hakuna wa kuuliza. Jumatatu ijayo, ukiwa kwenye foleni ya magari pale Yaya au Dagoretti Corner, toa simu yako umtumie mmoja wao neno moja. Kisha fanya sehemu iliyo ngumu zaidi, ambayo muuguzi wa Hospitali ya Coptic aliifanya kila wiki: ngoja jibu, na lisipokuja, piga simu.